Bega la Kulia, Siku ya Tatu

Kwa wiki tatu nilikuwa nikimimina chai kwa mkono wa kushoto, na watalii hawakuona ubaya. Kwao mkono ni mkono. Lakini kila nilipoinamisha birika nilimkumbuka marehemu bibi yangu kule Rabai, ambaye alikuwa akitupiga vidole kwa mwiko tukimpa mtu kitu kwa kushoto. Hata maji ya kunawa. Hata kijiti cha kuchokolea meno.

Bega langu la kulia lilikuwa limefunga. Nililiumiza siku tulipohamisha meza za ukumbini kuzipeleka uwanjani, meza za mbao nzito ambazo ziliwahitaji watu wanne na sisi tulikuwa wawili. Tangu siku hiyo mkono ulikuwa ukifika kifuani na hapo ukagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kusukuma niliweza, kunyanyua sikuweza. Na kazi ya weita, kwa asiyeijua, ni kunyanyua. Trei inapandishwa juu ya bega, inapitishwa juu ya vichwa vya watu wanaocheka na kurusha mikono, inashushwa bila kijiko kutoa mlio. Nilikuwa nikibeba trei ndogondogo kwa kushoto, nikienda mara tatu pale mwenzangu alipokwenda mara moja, nikimkwepa kapteni wa weita asinitazame sana.

Hii ilikuwa Malindi, katikati ya miaka ya themanini, msimu wa watalii ukikaribia kwisha. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilikuwa nimekwisha kufanya kibarua cha korosho Kilifi, nimekaa ghalani Mariakani nikihesabu magunia, nimeuza dukani kwa mtu Mtwapa, na kila mahali niliondoka mwenyewe kabla mwaka haujatimia. Cheti changu cha kidato cha nne nilikibeba ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mji nilikitoa, kikatazamwa, kikarudishwa mfukoni. Sijui nilikuwa nikikimbia nini. Nikikaa mahali miezi sita naanza kukumbuka mahali nilipotoka, na nikirudi huko nakuta ninachokumbuka hakipo.

Lakini Malindi nilitaka kukaa. Nilikuwa na chumba kwa shangazi yangu mtaa wa Shela, dada ya marehemu baba, aliyeolewa na mtu wa mji akasilimu na kuzeeka palepale. Nilikuwa na koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeanza kuwajua watu sokoni kwa sura.

Tatizo ni kwamba masika yakikaribia hoteli ilikuwa ikipunguza watu. Tulikuwa weita kumi na wanne, na wangebaki sita. Mwaka ule kapteni alitutangazia mapema kwamba angechagua kwa macho yake, siku moja tu: Jumapili, karamu ya mchana ya harusi ya ukoo mmoja wa zamani wa mji, watu wa mashamba ya minazi.

"Hawa si watalii," alituambia, amesimama na penseli sikioni. Alikuwa mtu wa bara, msafi, kola yake haikuwahi kuwa na mstari wa jasho. "Mtalii unaweza kumpa supu kwa mguu akasema asante. Hawa ukimpa mzee wao maji kwa kushoto, wanainuka wote na bibi harusi wao. Mnanisikia?"

Tukamsikia. Mimi nilimsikia zaidi ya wote.

*

Mgeni mmoja alikuwa amekwisha kuona. Alikuwa mama wa Kijapani, mjane, mwenye miaka hamsini na kitu, aliyekuja kila mwaka akakaa miezi mitatu katika chumba kilekile karibu na mivinje. Marehemu mumewe alikuwa amechimba visima Dodoma kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi, cha polepole, bila haraka ya kumaliza sentensi.

Alhamisi ile, baada ya chakula cha mchana, nilimpelekea chai yake.

"Chai ya leo pia imetoka kushoto," alisema.

"Niwie radhi, mama."

"Sikusema umekosa. Nimesema imetoka kushoto. Nyanyua kulia nione."

Nikanyanyua. Ukafika kifuani ukagoma. Akaacha kikombe, akauzunguka mgongo wangu, akaweka kidole chake kimoja chini ya bapa la bega, na nikasikia moto hadi kwenye ukucha.

"Kwetu kuna kazi inaitwa shiatsu," alisema. "Kubonyeza. Mama yangu alinifundisha. Leo una nafasi?"

Nilikuwa na nafasi ya saa moja, kuanzia saa nane na nusu, wakati wageni hulala na kapteni huenda kwake. Mfanyakazi haruhusiwi kuingia chumba cha mgeni wala kukalia kiti cha mgeni. Mkeka haukutajwa kwenye sheria. Akatandika mkeka kwenye banda la makuti tulipokuwa tukiweka mataulo ya ufukweni, akaniambia nivue viatu tu. Nikalala kifudifudi na koti langu, suruali na soksi. Hakutia mafuta, hakutia maji. Akaanza kubonyeza.

Alikuwa mdogo wa mwili, lakini hakutumia nguvu za mikono. Alikuwa akiegemea. Kidole gumba kinatua mahali, kisha uzito wake wote unakuja nyuma yake taratibu, unakaa, unaondoka. Shingoni, kando ya uti wa mgongo, kwapani, hata kwenye kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada. Mara akatumia kiwiko. Mara akatumia goti. Alipofika pale chini ya bapa la bega nikapiga ukelele, "Mama wee!"

"Huyo," alisema, kama mtu aliyempata kuku wake. "Nilikuwa namtafuta."

Alipomaliza akanikalisha, akaketi mbele yangu mikono juu ya mapaja.

"Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Leo kunywa maji, mengi. Utakwenda choo mara nyingi, usiogope. Usile sana. Pombe hapana. Ukitaka kulala, lala."

"Nina zamu ya jioni, mama."

"Fanya, lakini usinyanyue kitu kizito. Kesho utaumwa. Si bega peke yake, mwili wote, kama mtu aliyelima kutwa. Keshokutwa utaumwa zaidi."

"Zaidi ya kesho?"

"Zaidi. Na pengine utalia."

Nikacheka. "Kwa maumivu?"

"Hapana. Bila sababu. Yakija, lia tu, yatapita. Siku ya tatu mkono utakuja wenyewe. Usiujaribu kabla. Na usimpe mtu mwingine akuguse. Subiri."

Nikahesabu moyoni. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Karamu ilikuwa Jumapili saa sita.

"Hiyo siku ya tatu, mama, mkono unakuja asubuhi au jioni?"

"Mwili hauna saa," alisema. "Wewe ni mtu wa kusubiri?"

"Ndiyo," nikasema, na ulikuwa uongo.

Kisha akaniambia kwamba kesho yake asubuhi angepanda ndege kwenda Lamu, angerudi Jumapili alasiri. Alilisema kama jambo dogo. Mimi nilihisi kama mtu aliyepandishwa juu ya mnazi na ngazi ikaondolewa.

*

Usiku ule nilikunywa maji, nikaenda choo mara saba, nikalala kama gogo. Ijumaa niliamka nikiwa nimelimishwa. Mapaja yaliuma, nyayo ziliuma, hata taya. Sawa, nikajiambia, hili limetajwa. Lakini moyo ulianza kuhesabu: hili limetajwa, lile je? Vidole vinavyowasha vilitajwa? Sikukumbuka.

Hotelini nilikaa na mwenzangu mmoja wa zamu, kijana wa Kibarani kule Kilifi, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza. Tulikuwa tukikunja vitambaa vya mezani kwa ajili ya Jumapili.

"Haya, sema kweli," alianza. "Yule mama alikufanya nini jana? Mwoka mikate anasema alikuona umekaliwa mgongoni kama punda."

"Alikuwa akinikanda."

"Kwa goti?"

"Kwa goti."

"Basi hiyo si kukanda, ndugu yangu. Hiyo karate. Mimi nimeona kule sinema Mombasa. Mtu anabonyezwa hapa tu," akanigusa shingoni kwa kidole chenye wanga, "anashukuru, anakwenda zake, anatembea siku tatu mzima kabisa. Ya tatu, akiwa mezani anakula wali, pu! Kaanguka."

"Siku tatu?"

"Tatu kamili. Hazipungui."

Alicheka mpaka akapangusa macho. Mimi nilijua ni mzaha. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nilijua. Lakini tangu dakika ile hesabu yangu ya siku ilikuwa na pande mbili.

Na hapo hapo ndipo nilipolia. Hakuna kilichotokea. Dobi alipita na vitambaa vingine vilivyotoka chini ya pasi ya makaa, na ile harufu ya wanga na moshi ikanipata puani, nikamwona mama yangu Rabai asubuhi, amejifunga leso, akilipiga pasi shati langu la shule, shati moja lile lile la kila siku, akilipulizia maji kwa mdomo. Machozi yakatoka yenyewe. Hayakuwa na kwikwi. Yalikuwa yakimwagika kama mtungi uliopata ufa.

Mwenzangu akaacha kucheka. "Umefiwa?"

"Hapana."

"Basi unalilia nini?"

"Sijui."

Akasogeza kiti chake mbali kidogo. "Yesu," alisema kwa sauti ndogo, akaendelea kukunja.

*

Nilifika nyumbani alasiri, nikaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa shangazi. Kata ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kibao chake ukumbini akikuna nazi, mgongo kwangu. Mbuzi ya kukunia ikasimama.

"We baba, umekula chumvi ya nani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo kata ya tano. Mtungi wangu mimi hauchoti mtoni wenyewe."

Nikamwambia kwamba nina kiu tu. Akageuka. Shangazi yangu alikuwa mkandaji, na si mkandaji wa kubahatisha. Alifundishwa na mama mkwe wake, na waliojifungua katika nyumba kubwa za mji ule walikuwa wakimtumia gari aje awakande siku arubaini. Alikuwa akimtazama mtu anavyoketi tu akajua pana nini. Wiki tatu zile alikuwa ameniambia mara kadhaa, "Njoo nikukande, wewe ni mwanangu," na mimi nikaona haya, mtu mzima kulazwa kwenye jamvi la waliojifungua.

"Umekandwa," alisema. Haikuwa swali.

"Kidogo."

"Na nani?"

Nikamweleza. Kila neno nililosema lilizidi kuharibu. Nilipofika kwenye mkeka wa mataulo alifunika mdomo kwa leso. Nilipofika kwenye koti alishindwa kuvumilia.

"Na nguo zako? Lahaula! Mtu anakandwa na nguo, kama wanakanda kabati? Bila maji ya moto? Bila mafuta? Na akakwambia unywe maji baridi?"

"Alisema mengi."

"Mtoto wangu, aliyekandwa vinyweleo vimefunguka. Maji baridi yakiingia yanakwenda kukaa mfupani, na yakikaa hayatoki. Ndiyo maana unatetemeka. Unatetemeka au hutetemeki?"

Nilikuwa nimeanza kutetemeka, sijui tangu lini.

"Mimi niko hapa," aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na majeraha, "mji mzima unanijua, na mtoto wa ndugu yangu anakwenda kuwekewa goti na mgeni. Watu watasema nini? Mkandaji amekosa mikono kwa wake mwenyewe."

Nilikumbuka vizuri kabisa maneno ya yule mama: usimpe mtu mwingine akuguse. Yalikuwa kwenye ulimi. Lakini kwetu shangazi ni baba aliyejifunga leso. Huwezi kumwambia usiniguse. Ningeweza kumwambia kapteni, ningeweza kumwambia hata daktari, lakini si yeye, si ndani ya nyumba yake, mikono yake imekwisha kufutwa tui. Tena, nikisema kweli, nilitaka. Nilitaka mtu anishike aniambie anajua anachofanya. Yule mwingine alikuwa Lamu.

Akachemsha maji na chumvi na majani ya mwarobaini. Akachovya taulo, akalikamua, akaliweka begani likiwa linatoa moshi, akaligandamiza. Kisha mafuta ya simsim, kisha viganja vyake, vipana, vigumu kama bao la kufulia. Hakuegemea kama yule. Alisukuma. Alisukuma palepale chini ya bapa la bega, akimtaja Mungu kwa kila msukumo. Baadaye nikapewa uji wa pilipili manga, nikafunikwa blanketi, dirisha likafungwa, Machi ile ya Malindi. Maji nikakatazwa. Nilimsikia akimwambia jirani uani, "Walitaka kuniulia mtoto."

*

Jumamosi mkono haukufika hata kifuani.

Niliamka umelala kando yangu kama mali ya mtu mwingine. Bega lilikuwa limevimba, la moto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vikiwasha. Kichwa kilikuwa kizito, mdomo mkavu. Nilikaa kitandani nikijaribu kupanga mambo. Yule mama alisema siku ya pili nitaumwa zaidi. Basi pengine hii ndiyo ile. Lakini pengine hii ni ya shangazi. Au ni ya maji baridi. Au maji baridi hayana kosa, kosa ni kuyaacha. Au kuna kitu kimekatika mle ndani, na siku ya tatu haitakuwa ya mkono kuja, itakuwa ya mkono kwenda moja kwa moja. Nikaona nafsi yangu Jumapili saa sita mchana, mbele ya wazee wenye vilemba, trei ikishuka, mchuzi ukishuka. Nikaona koti jeupe la bwana harusi.

Nilikwenda hotelini saa mbili asubuhi, kabla ya zamu. Nilikwenda mpaka kwenye chumba cha yule mama nikijua hayupo. Kiti chake cha chai kilikuwa kimeinamishwa juu ya meza. Nilisimama pale. Ningekuwa mtu mwingine ningekwenda kuketi chini ya mvinje nikangoja kesho. Kitu nilichotakiwa kufanya siku ile nzima kilikuwa ni kutofanya chochote.

Sikuweza. Saa nne nilibisha mlango wa kapteni.

"Kapteni, naomba kusema."

"Sema."

"Mkono wangu mbaya. Kesho sitaweza."

Hakunitazama kwanza. Alikuwa akichora meza kwenye karatasi, miduara na majina ndani yake.

"Mbaya tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na ulidhani sioni? Weita wa kushoto, na mimi nikae hapa nisione?" Akainua macho. "Nilinyamaza. Nilisema huyu ana akili, anautunza mwili wake, siku ya kazi atanyanyua. Nimekuandika meza ya wazee. Unaona? Hapa."

Nikaona. Jina langu lilikuwa kwenye duara kubwa kuliko yote.

"Labda kesho utakuwa nafuu," alisema. "Unataka nikuache hapo, tuone asubuhi?"

Hilo alilisema. Nimelirudia kichwani miaka mingi, na kila mara analisema vilevile, bila ukali, penseli mkononi. Tuone asubuhi.

"Hapana, kapteni," nikasema. "Afadhali uweke mtu mwingine."

Akageuza penseli, akafuta kwa raba iliyo nyuma yake, akapuliza ule unga. "Asante kwa kusema mapema," alisema. "Mwingine angeniangushia mambo hadharani." Akaandika jina la yule kijana wa Kibarani.

Nasema kwa aibu: nilipotoka mle ndani sikuhuzunika. Nilihisi nafuu. Kwa siku mbili nilikuwa nimebeba kungoja, na sasa nilikuwa nimeutua mzigo huo. Zamu ilipokwisha nilirudi nyumbani, nikanywa maji kata nne mbele ya macho ya shangazi, akasonya, nikalala jua likiwa bado juu, nikalala mpaka asubuhi.

*

Jumapili nilitoka uani kunawa uso. Taulo langu lilikuwa kwenye kamba, na kamba ya shangazi ilikuwa juu, maana alikuwa na mbuzi wawili waliokula nguo. Nililivuta taulo, nikajifuta, nikalirudisha. Ni pale nilipokuwa nikilirudisha ndipo nilipotambua nimetumia mkono gani.

Nikaushusha. Nikaunyanyua tena, polepole, kama mtu anayemwendea ndege. Ulipita kifua. Ulipita kidevu. Ulipita sikio. Juu kabisa palikuwa na kugoma kidogo, kama uzi, lakini ulifika. Nikashika kamba. Nikaning'inia.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaikumbuka karamu. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya ukuta.

Nilikimbia. Sikufunga vifungo vyote. Nilimkuta kapteni kwenye mlango wa ukumbi akikagua kucha za weita, mmoja mmoja.

"Kapteni, tazama!" Nikanyanyua mkono, nikauzungusha, nikanyakua trei tupu nikaipandisha begani. "Umepona. Umekuja wenyewe."

Alitazama. Nadhani alifurahi kweli, kwa nusu dakika.

"Mungu ni mwema," alisema. "Lakini jana ulikuwa mgonjwa, leo mzima. Saa sita utakuwa nani?"

"Nitakuwa hivi hivi."

"Jana nilikuuliza tungoje asubuhi. Wewe ndiye ulisema hapana." Akashusha sauti. "Yule kijana nimemfundisha meza ile tangu jana mchana. Siwezi kumvua koti mbele ya wenzake."

Nilipewa kufuta glasi. Nilisimama kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na kupitia dirisha la kupitishia vyombo niliiona karamu yote: wazee wakinawishwa, pilau ikiingia, trei zikipita juu ya vilemba. Kijana wa Kibarani alikuwa na uso mzito kama wa imamu. Hakumwaga hata tone. Mimi nilinyanyua glasi moja moja kwenye mwanga kuangalia alama za vidole, kwa mkono wa kulia, juu ya kichwa changu. Zilikuwa karibu mia mbili. Bega halikuuma.

Yule mama alirudi saa kumi, amevaa kofia ya Lamu ya ukindu. Alinitafuta kabla hata hajaingia chumbani.

"Mkono?"

Nikaunyanyua. Akapiga makofi kama mtoto.

"Ulisubiri!" alisema.

"Nilisubiri, mama."

Sikumweleza mengine. Sikumweleza kuhusu shangazi wala kapteni. Alikuwa amefurahi, na furaha yake ilikuwa na haki. Alichosema kilitokea chote, kimoja kimoja, kwa siku zake. Jioni ile nilimmiminia chai kwa kulia, akainamisha kichwa kushukuru.

Majina ya wale sita yalibandikwa Jumatatu. La kwangu halikuwapo. Kijana wa Kibarani lake lilikuwa la tatu, akanifuata mpaka langoni.

"Ile habari ya sinema," alisema, "ilikuwa mzaha, ndugu yangu. Unajua?"

"Najua."

"Mtu haanguki."

"Haanguki," nikasema.

Shangazi yeye aliuona mkono wangu ukifunga sanduku, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Umeona kazi ya maji ya moto?" alisema. "Ningemwachia yule mgeni, ungekuwa unalishwa kwa kijiko." Nikambusu mkono, nikamwambia ahsante. Mpaka anakufa aliwasimulia watu hivyo, na mimi kila nilipomtembelea nilikaa pale nikasikiliza.

Nilikuwa nikirudi Mariakani, ambako nilisikia wanatafuta watu wa kupakia makreti ya maziwa. Kazi ya mabega. Kilifi tukashuka kungoja kivuko, daraja lilikuwa halijajengwa, na foleni ilikuwa ndefu. Sanduku nililipandisha begani mwenyewe, la kulia, nikapita nalo kati ya watu. Mama mmoja muuza korosho akaninyooshea kipakacha, akinitaka nionje kwanza. Nikanyoosha mkono kuchukua. Akakivuta nyuma.

"Kwa kushoto, baba? Umefunzwa wapi wewe?"

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa umekwenda wenyewe, kwa mazoea. Nikatua sanduku chini, nikamwomba radhi, nikanyoosha mwingine.